Tsunami ya 2004: Onyo lililofika Mombasa, lisifike Hafun

Tetemeko la ardhi lililotokea karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia, tarehe 26 Disemba 2004, lilizusha mawimbi yaliyoua zaidi ya watu 220,000 kandokando ya Bahari ya Hindi. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na kitu ambacho watu wa Aceh hawakuwa nacho: muda. Mawimbi yalihitaji takriban saa saba kuvuka bahari hadi Somalia.

Nchini Kenya, habari zilipowasili kutoka Asia, polisi waliwaondoa watu katika fukwe za Mombasa. Aliyepoteza maisha nchini humo ni mtu mmoja. Tanzania ilipoteza watu wasiopungua 10. Somalia walikufa takriban 300, wengi wao katika rasi ya Hafun, Puntland.

Ni kweli kwamba Somalia ilipigwa na mawimbi makubwa zaidi, hivyo tarakimu peke yake hazitoshi kuhukumu. Lakini wavuvi wa Hafun hawakuwa na serikali ya kuwafikishia habari ambazo redio za dunia zilikwisha kuzitangaza.

Tangu mwaka 2011, vituo vya Australia, India na Indonesia hutoa tahadhari za tsunami kwa ukanda mzima wa bahari hiyo. Vituo hivyo, hata hivyo, havizungumzi na mvuvi, bali na serikali yake. Kutoka hapo hadi ufukweni, kazi ni ya polisi, mwenyekiti wa kijiji na kipaza sauti cha msikiti, nao ni nadra kukumbukwa fedha za maafa zinapogawanywa.