Kushawishi si Kutisha

Leo nataka tuzungumze juu ya maneno ya mganga kwa mgonjwa wake.

Jirani yangu mmoja, huku kwetu milimani Usambara, alipokuwa mja mzito aliambiwa na mwuguzi: "Ukijifungulia nyumbani utakufa!" Uchungu ukamshika usiku wa mvua, njia haipitiki, akajifungua nyumbani salama. Akacheka, akasema: "Wale walinitisha bure." Baadaye mdogo wake, mwenye kovu la upasuaji wa uzazi wa kwanza, akaambiwa maneno yale yale. Hakusadiki. Alibaki nyumbani, kovu likapasuka. Tulimteremsha kwa machela. Yeye alipona, mtoto tulimzika.

Mwuguzi alitaka mema, na hatari ilikuwa ya kweli. Kosa ni kuwatisha wote kwa neno moja. Angalisema hivi: "Mama, wengi hujifungua salama. Lakini wewe una kovu, laweza kupasuka, na nyumbani hakuna damu ya kukuongeza wala daktari wa kukupasua." Huko ndiko kushawishi: kumpa mtu sababu, aipime mwenyewe.

Tazameni Korogwe, chini ya milima yetu. Tangu mwaka 2009 hata 2014 chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa huko na katika vituo vingine 10 vya Afrika, kwa watoto 15,459. Mzazi alitakiwa kukubali kwanza kwa maandishi. Asiyejua kusoma alitia dole gumba mbele ya shahidi ajuaye kusoma. Na matokeo ya mwaka 2015 hayakupambwa: kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17, wakapata sindano zote nne, malaria ilipungua kwa asilimia 36. Basi mzazi aambiwe vivyo hivyo: chanjo yasaidia, lakini chandarua kisitupwe. Akidanganywa kwamba yazuia kabisa, siku mtoto akiugua atakataa hata chanjo ya surua.

Mimi karani huandika kitabu cha ndoa. Padre huwauliza bwana na bibi arusi kama wamekuja kwa hiari, maana ndoa ya kulazimishwa kwa hofu kuu si ndoa. Je, mgonjwa naye asiulizwe?

Nasi wagonjwa tuna wajibu: tuulize tusipoelewa, wala tusifiche dawa za miti shamba tulizokunywa. Njia ya mwongo ni fupi, kwa mganga na kwa mgonjwa pia.

Karani wa Parokia, Lushoto