Wastani wa Nyumba Arobaini

Wasomaji wa safu hii huenda wanakumbuka kuwa miezi michache iliyopita tuliandika hapa hapa kuwalaumu wazazi waliowaondoa watoto wao madrasa. Tulisema dunia imewashughulisha. Leo tunalazimika kulirejea jambo lile, kwani imetubainikia kuwa kosa lilikuwa letu, na limetubainikia mahali tusipopatarajia: katika darasa la takwimu.

Mwanzoni mwa mwaka tulijiunga na masomo ya jioni katika chuo kimoja cha hapa mjini. Somo la Utangulizi wa Takwimu ni la lazima kwa kila anayeingia. Wenzetu darasani ni vijana watupu, na mwalimu ni binti tunayemzidi umri, ambaye kwa adabu yake hutuita "Shekhe" hata anapoyapigia mstari mwekundu majibu yetu. Tuliingia tukijiamini kuliko ilivyostahiki. Katika chuo cha dini tulihitimu elimu ya mirathi, nasi tulijiambia kuwa anayeweza kuitoa thumni ya mke na sudusi ya mama, kisha akawagawia watoto kilichobaki, hawezi kutishwa na hesabu za mwaka wa kwanza.

Tulikosea. Mirathi haina "huenda". Ukishawajua warithi, ukaijua na mali iliyoachwa, jibu ni moja. Takwimu hutazama wachache ili iseme juu ya wengi, na kila jibu hutakiwa kuandamana na ungamo la kiasi gani laweza kuwa mbali na ukweli. Kwa wiki tatu jambo hili lilitukera; tuliliona kama shahidi anayebabaika mbele ya kadhi. Baadaye tukaelewa kuwa shahidi anayesema "niliona kwa mbali, na jua lilikuwa limekwishazama" ni mkweli kuliko yule anayeapa kwa kila kitu.

Wiki ya nne mwalimu alitutaka kila mmoja alete namba za kazini kwake. Sisi tulibeba daftari la michango ya bati za madrasa. Nyumba 40 zilikuwa zimechanga shilingi 800,000, yaani wastani wa shilingi 20,000 kwa nyumba. Hesabu hiyo tuliifanya sisi wenyewe tukiwa katibu, tukaiwasilisha mbele ya kamati, na kamati ikaona kuwa nyumba iliyoweza kutoa 20,000 kwa bati haitashindwa kutoa kiasi hicho hicho kila mwezi kwa posho ya walimu. Ikawa ndiyo ada.

Mwalimu alitutaka tuzipange namba zile kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha tuitazame iliyokaa katikati. Iliyokaa katikati ilikuwa 5,000. Tukarudia kuhesabu kwa kidole. Wafanyabiashara wawili walikuwa wametoa 250,000 kila mmoja. Ukiwaweka kando, nyumba 38 zilizobaki zilichanga 300,000 zote pamoja, hata 8,000 kwa nyumba haifiki. Waliofikia hiyo 20,000, pamoja na wafanyabiashara wale, walikuwa watano. Nyumba 35 tulikuwa tumezitwisha mzigo wa mtu ambaye hayupo mtaani kwetu.

Tulijitetea, wala hatuoni haya kulisema. Tukamwambia mwalimu kuwa ada ile iliridhiwa na waumini: tuliitangaza baada ya swala ya Ijumaa, mikono ikanyooshwa, na aliyepinga hakuonekana. Akatusimulia kisa cha Marekani mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilituma kadi milioni 10 kuwauliza watu watamchagua nani kuwa rais, zikarudi zaidi ya milioni 2, na jarida likatangaza kuwa Landon angeshinda. Aliyeshinda ni Roosevelt, katika majimbo 46 kati ya 48. Majina ya kutumiwa kadi yalikuwa yametolewa kwa wingi katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na mwaka ule wa dhiki mtu mwenye simu na gari hakuwa mfano wa jirani yake. Tena waliojisumbua kurudisha kadi hawakuwa sawa na walionyamaza. Sisi tuliofundishwa tusiipokee hadithi kabla ya kuichunguza sanadi yake, namba tuliipokea bila kuuliza imepita kwa nani.

Usiku ule tulimsimulia mwenzetu wa nyumbani. Alikuwa akikunja nguo za watoto, wala hakushangaa.

"Sisi tulijua tangu mwezi wa kwanza," akasema. Akatutajia mama mmoja mjane, mpika maandazi, aliyewazuia wanawe watatu nyumbani kwa sababu aliona haya kupita mbele ya orodha ya wadaiwa.

"Mbona hukutuambia?"

"Baba, kwani mliuliza nani? Mliliuliza daftari. Na siku ile ya kunyoosha mikono, nyuma ya pazia hakuja mtu kutuhesabu."

Orodha ile ya wadaiwa tuliiandika sisi kwa mkono wetu, tukaibandika mlangoni mwa madrasa. Watoto walikuwa 63. Kufikia mwezi wa tatu walibaki 41. Ndipo tukaandika ile makala ya lawama, tena kwa ufasaha.

Kamati ilikutana. Mzee mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali la haki: ada ikiondoka, walimu watakula nini? Jibu kamili hatukuwa nalo, na hata leo hatunalo. Tumekubaliana kila nyumba ijitajie kiasi chake ndani ya bahasha, na wenye uwezo wafuatwe kwa faragha. Mwezi uliopita posho ilipungua kwa shilingi 90,000, na walimu wamevumilia. Orodha tuliibandua alfajiri, kabla ya watu kuja.

Kwa yule mama tulikwenda baada ya swala ya Isha, tukiwa na mwenzetu wa nyumbani. Tulimwomba radhi, akatuandalia chai na maandazi, akakataa katakata tuyalipie. Wanawe walirudi Jumatatu. Sasa watoto wamefika 54. Kwa wazazi wa tisa waliobaki tunaomba radhi kupitia ukurasa huu huu tulioutumia kuwalaumu, na milango yao tutaibisha mmoja mmoja, insha Allah, baada ya Jumamosi ijayo. Siku hiyo tuna mtihani, na sura ya uwezekano bado haijatukaa kichwani.