Baiskeli za reli ya Sigi zianzie Mkwakwani

SIMBA au Yanga ikitua Tanga, mji unachemka kwa saa chache tu. Mashabiki wanashuka asubuhi, wanajaza Mkwakwani, filimbi ya mwisho ikilia mabasi yanawashwa, na usiku huohuo kundi zima liko Segera linarudi Dar. Mama lishe kauza sahani zake, bodaboda kapata trip mbili tatu, basi. Gesti zinabaki na funguo zake ukutani. Wagosi wa Kaya wakishinda raha, wakifungwa ndiyo hivyo tena, ila mfukoni mwa mji hakibaki kitu cha maana.

Mwendesha baiskeli wa masafa marefu ni mteja wa aina nyingine. Huyu analala. Anakula mara nne kwa siku, ananunua tiubu, anatafuta fundi, anauliza machungwa bei gani. Ndiyo maana hoja ya kuifufua njia ya reli ya zamani ya Sigi kama safari ya baiskeli ya siku tatu au nne inawahusu hata watu wa mpira.

Upepo nao unavuma upande huo. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Mwaka mmoja nyuma yake, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kurudi nyumbani na jezi ya kijani. Tanga, mji ambao mzee wa miaka 70 anakwenda sokoni kwa baiskeli na hakuna anayemshangaa, umekaa jukwaani unatazama.

Kuna reli mbili hapa, na watu huzichanganya. Ile kubwa ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, mwaka uleule ambao Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge pwani hii. Ndiyo reli ya kwanza kwa upande wa Bara, na ilifika Moshi mwaka 1911. Hiyo haijafa. Treni za mizigo zilirudi mwaka 2019, kwa hiyo anayewaza kupiga pedeli juu ya mataruma yake asahau kabisa, hapo ni kutafuta kifo.

Iliyokufa ni mtoto wake. Kutoka Tengeni, wilayani Muheza, Wajerumani walichomoa tawi jembamba la sentimita 75, wakati reli mama ina mita moja. Lilikwenda Sigi, chini ya milima ya Usambara Mashariki, umbali usiofika kilomita 25. Kazi yake kubwa ilikuwa kushusha magogo. Reli zenyewe zimeshaondoka, lakini nyumba ya mkuu wa stesheni ya Sigi bado imesimama na leo inatumika kupokea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani.

Sasa hapa ndipo penye utamu wa kiufundi. Treni ya zama zile haikuweza kupanda mlima wa ghafla. Wahandisi walilazimika kuzunguka vilima, kuchimba hapa, kujaza tuta pale, ili mwinuko uwe wa polepole. Matokeo yake, njia ya reli ndiyo njia ya mlimani inayoweza kupandwa na Phoenix isiyo na gia, ile yenye karia nyuma, inayobeba gunia la mkaa siku za kawaida. Wenzetu walishalijua hilo. New Zealand waling'oa reli ya Otago wakaifanya njia ya baiskeli ya kilomita 152, ikafunguliwa mwaka 2000, na vijiji vilivyokuwa vinasinzia vikapata gesti na migahawa. Marekani wana Katy Trail huko Missouri, zaidi ya kilomita 380.

Mtu asidanganywe kwamba tuta la Sigi lipo safi mwanzo mwisho. Kuna mashamba, kuna msitu, kuna misaji ya Longuza, na sehemu nyingine hakuna namna ila kurudi kwenye barabara ya Amani. Lakini mstari upo, na kila msimu wa kilimo unaopita bila mtu kuupima, jembe linaula kidogo.

Ugomvi uko kwenye kuanza. Njia nyepesi ni kuwabeba wageni na baiskeli zao kwa gari hadi Sigi, wakaanzia penye kivuli, vipepeo na mto. Picha zitatoka kali. Ila ukianzia Sigi umeifuta reli yote, umemfuta fundi wa Ngamiani, umemfuta muuza machungwa wa Muheza. Zaidi ya hapo, umemfuta kijana mwenye Phoenix, maana Sigi ndipo reli ilipokoma na mlima wenyewe unapoanza. Sigi ni kama mita 450 juu ya usawa wa bahari, Amani ni kama 900, na katikati yake ni kama kilomita 10 tu. Asiye na gia hapo atasukuma. Safari inayoanzia Sigi ni ya wenye baiskeli za milioni. Inayoanzia Mkwakwani ni ya kila mtu hadi siku ya pili, halafu mlima uchague wake.

Wanaoipinga Mkwakwani wana hoja moja nzito: lami. Kama kilomita 35 za Tanga hadi Muheza kupitia Pongwe zina malori ya bandarini na mabasi yanayokimbizana na ratiba, na pembeni ya lami si mahali pa kuyumba. Hilo halitatuliwi kwa maneno ya jukwaani. Linatatuliwa kwa kuondoka saa 12 alfajiri, gari la kusindikiza nyuma, na kuomba ruhusa ya kupita njia za ndani za mashamba ya mkonge kila inapowezekana. Mashamba yale yana wenyewe, hivyo ruhusa hiyo aiombe mtu mwenye barua na mhuri. Huko hifadhini nako kuna viingilio vya TFS, vilipwe mapema badala ya kujadiliwa getini watu wakiwa wamelowa jasho.

Siku ya kwanza iwe fupi, iishie Muheza. Waendeshaji wageni kwenye mchezo huu hufanya kosa la timu inayopanda daraja: dakika 20 za kwanza presha kwa presha, kipindi cha pili wanashika viuno. Mguu unaochomwa kwenye lami ya Pongwe unadaiwa siku ya tatu kwenye kona za Amani. Mzigo nao ukaguliwe usiku wa kuamkia safari: tiubu mbili, viraka na gundi, pampu, mnyororo uliotiwa mafuta, maji ya kutosha, breki zilizojaribiwa kweli. Breki hasa. Watu wote huwaza kupanda Amani, ila waliowahi kushuka ndio wanaojua.

Kalenda haina shida. Kati ya Juni na Agosti ligi iko mapumzikoni, masika imeshakatika, Mkwakwani hakuna mechi ya maana na machungwa ya Muheza yameiva. Kwa jaribio la kwanza wanatosha waendeshaji 15, fundi mmoja wa Ngamiani, pikapu moja, na mtu wa kupima njia kutoka Tengeni akiandika wapi tuta lipo na wapi limekatika.