Mikono Miwili ya Ulinzi wa Raia

Wengi wetu tusikiapo habari za ulinzi wa raia hudhani kuwa ni kazi ya askari na wazima moto peke yao. Hapana shaka wao ndio watangulizi. Lakini twaona kazi hii ina mikono miwili, na mkono wa pili umo majumbani mwetu.

Na tuitazame tarehe 26 Desemba 2004. Alfajiri ya siku ile, zilizala kubwa ilitikisa chini ya bahari karibu na Sumatra, nchi ya Indonesia. Mawimbi ya tsunami yalikwenda saa nyingi hata kuifikia pwani yetu ya Afrika Mashariki. Habari zilipowasili Kenya, polisi waliwaondoa watu fukweni, na ilikuwa siku ya mapumziko, watu tele. Kenya alikufa mtu 1. Somalia, ambako serikali kuu ilikuwa imevunjika tangu mwaka 1991, walikufa karibu watu 300, hasa upande wa Hafun. Ni kweli kwamba wao walipigwa kwa nguvu zaidi, lakini pia hawakuwa na wa kuwaambia, "Ondokeni!"

Huo ndio mkono wa kwanza. Je, pale ambapo hapana saa nyingi, ila dakika chache tu?

Kisiwa cha Simeulue kiko karibu kabisa na mahali ilipotokea zilizala ile. Mawimbi yalikifikia kabla serikali yoyote haijawahi kunena neno. Lakini wazee wa huko walikuwa wakiwasimulia wajukuu wao msiba wa mwaka 1907, na wimbi lile wakiliita smong: ardhi ikitikisika sana, na bahari ikarudi nyuma, kimbilieni mlimani. Basi walikimbia, wakubwa kwa wadogo. Katika watu zaidi ya 70,000 walikufa 7 tu. Na ng'ambo yao, katika Aceh, walikufa zaidi ya 100,000.

Leo Bahari ya Hindi ina mpango wa tahadhari, na Australia, India na Indonesia ndizo zitoazo habari kwa nchi nyingine. Ni neema kubwa. Walakini, onyo lisilo na mwenye kulifuata halimwokoi mtu.

Basi, enyi wazazi, hasa mkaao pwani, wafundisheni watoto haya. Bahari ikitoka kwa ghafula, si wakati wa kuokota samaki na makombe; ni wakati wa kupanda juu. Wimbi la kwanza likipita, wasishuke, kwani mengine hufuata, na huenda yakawa makubwa zaidi. Na serikali ikitangaza watu waondoke, tusingoje kuona kwanza. Aliye na mgonjwa au kizee nyumbani na aamue leo ni nani atakayembeba. Siku ya msiba hapatakuwa na nafasi ya kushauriana.