Turkana inahitaji mafundi wa kompyuta
Mwaka 2016 serikali ilianza kugawa vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule za umma. Naliunga mkono wazo hilo, lakini nauliza: kifaa kikiharibika Lodwar, nani atakitengeneza? Joto la huko, ambalo aghalabu hupita nyuzi 35, na vumbi lake havina huruma kwa mashine. Vumbi huziba feni, kompyuta ikachemka, hatimaye ikazimika. Fundi aliyehitimu huifungua, akaisafisha kwa brashi, kazi ikaendelea. Asiyefunzwa huishauri ofisi inunue nyingine!

Kakuma, yapata kilomita 120 kutoka Lodwar, ina kambi ya wakimbizi tangu 1992. Wasalesia wa Don Bosco wamewafunza vijana humo kazi za mikono, na kompyuta pia. Lakini mkimbizi mwenye cheti atafanya kazi wapi iwapo hana kibali wala ruhusa ya kutoka kambini? Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamtambulia haki ya kuajiriwa. Haki hiyo isiishie karatasini.

Vyuo vya ufundi vya vijijini vi mikononi mwa serikali za kaunti tangu ugatuzi wa 2013. Kwa hivyo kaunti ya Turkana haina budi kuweka karakana ya kompyuta Lodwar, Mturkana na mkimbizi wajifunze pamoja. Mafunzo yawe ya bisibisi na waya, si ya kupiga chapa barua tu. Aidha, shule na ofisi za umma ziwape mafundi hao vifaa vyao vilivyoharibika kabla ya kutafuta mtu wa Nairobi.