Fundi aifungue saa kabla pesa haijatoka

Kijana wa Mikinduri anayetamani Seiko 5 ya miaka ya sabini halazimiki tena kwenda Nairobi kuitafuta. Anaingia kwenye tovuti ya matangazo ya Jiji au soko la Facebook, anatazama picha tatu, wanapatana bei, anatuma pesa kwa M-Pesa, na kesho yake kifurushi kinapanda gari la Meru. Urahisi huo ni neema kwa mtu anayeishi zaidi ya kilomita 200 kutoka jiji kuu. Lakini tangu tangazo mpaka kifurushi, hakuna aliyeifungua saa yenyewe. Ninashikilia kwamba saa kuukuu inayouzwa kwa bei ya ukuukuu wake isilipiwe hata shilingi kabla fundi aliyechaguliwa na mnunuzi hajatoa mfuniko wa nyuma na kusema alichokiona. Wanunuzi wa miraa wa Tigania hawalipii furushi la majani ya mgomba bila kujua lililomo ndani, na saa ina mengi zaidi ya kuficha.

Seiko ilianza kuuza saa za 5 mwaka 1963, na zilisambaa Asia na Afrika kwa sababu hazikuhitaji betri wala kujazwa kwa mkono kila asubuhi. Nchini India, kiwanda cha serikali cha HMT kilianza kutengeneza saa Bangalore mwaka 1961 kwa msaada wa Citizen ya Japani. Saa hizo zilipochakaa hazikutupwa. Karakana za Mumbai zimekuwa zikizikusanya, zinapaka nyuso zake rangi mpya, zinatia mishale mipya na kuunganisha vipande vya saa mbili au tatu kuwa moja, kisha saa hizo zinauzwa mtandaoni duniani kote. Kazi hiyo si dhambi. Saa iliyofufuliwa ikauzwa kwa jina hilo ni mali halali, na huenda ikamfaa mtu miaka mingi. Kosa linaanza pale inapoandikwa kwamba kila kitu ni cha kiwandani na saa haijaguswa, kisha bei ikapandishwa kwa sababu ya maneno hayo.

Kwa bahati nzuri Seiko iliacha alama za kupimia maneno hayo. Mgongoni mwa saa za miaka hiyo kuna namba ya aina ya mtambo, kwa mfano 7009, na namba ya mfululizo ambayo tarakimu yake ya kwanza ni mwisho wa mwaka na ya pili ni mwezi. Inayoanza na 78 ilitengenezwa Agosti ya mwaka unaoishia na 7, kama 1977 au 1987, na aina ya mtambo ndiyo husaidia kuamua muongo. Chini kabisa ya uso mna maandishi madogo ambayo kwa kawaida huanza na namba ileile ya mtambo. Mgongo ukisema 6119 na uso ukisema 7009, ujue ni saa mbili zilizooanishwa. Hayo mnunuzi makini anaweza kuyasoma kwenye picha nzuri, na ndiyo maana wapo wanaosema fundi hahitajiki. Tatizo ni kwamba picha haioneshi mafuta yaliyokauka kwenye mtambo, kutu iliyoanza kula skrubu, wala mpira wa kuzuia maji uliokufa zamani. Saa inaweza kutembea vizuri kwa muda wote wa video fupi na kusimama jioni. Tena kuna saa za kabla ya miaka ya sitini zilizopakwa radiamu, madini yenye mionzi, ili zing'ae gizani. Mng'ao wake umeshazimika, lakini madini hayo huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu, na vumbi lake si la kuvutwa puani. Anayeifungua mwenyewe kwa kisu jikoni anajihatarisha bila kujua.

Wengine watasema sheria ipo. Ni kweli, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya inampa mnunuzi nafasi ya kukagua bidhaa kabla ya kuhesabiwa ameikubali, na mahakama za madai madogo, zilizoanza kazi mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Lakini nani ataacha shamba lake kumfuata mtu wa Nairobi kwa shilingi elfu chache? M-Pesa hufikisha pesa papo hapo, na mwenye nia mbaya huzitoa kwa wakala kabla ya malalamiko kuandikwa. Jina linalotokea kwenye simu kabla ya kutuma linathibitisha mwenye laini tu. Jiji wenyewe wanashauri watu wasilipe kabla ya kuiona bidhaa. Ushauri mzuri, ila kwa saa kuiona kwa nje hakutoshi.

Pingamizi zito zaidi ni la muuzaji. Kwa nini aikabidhi saa yake kwa fundi wa Meru asiyemjua, ambaye anaweza kubadilisha kipande na kuirudisha ikiwa mbovu? Ana haki ya kuogopa. Basi ukaguzi ufanyike aliko yeye: mnunuzi atafute fundi wa Nairobi, amlipe ada yake, muuzaji akae mezani saa ikifunguliwa, na mtu wa Mikinduri atazame kwa simu ya video. Akiridhika anatuma pesa hapohapo. Kwa saa ya bei ya chini ada hiyo inaweza kuonekana kubwa, na kama mtu anataka tu ya kuvaa shambani, anunue kwa kiasi asichojali kukipoteza. Anayeombwa alipie historia ana kila sababu ya kulipia na uthibitisho wake.

Masoko haya ya mtandaoni yangerahisisha jambo hili kwa gharama ndogo kwa kuweka orodha ya mafundi saa kaunti kwa kaunti, pamoja na ada zao, na kuruhusu tangazo libebe picha ya mtambo uliofunguliwa na jina la fundi aliyeufungua. Tangu Seiko ilipotoa saa ya kwanza ya mkononi ya quartz, inayotumia betri, mwezi Desemba 1969, na baadaye simu zilipoingia mifukoni, kazi ya fundi wa saa za mtambo imekuwa ikipungua hadi kubadilisha betri na mikanda. Hamu hii mpya ya vijana kwa saa za zamani ingewarudishia kazi waliyojifunza, Meru, Maua na Embu pia, ikiwa sehemu ya pesa inayopita kwenye simu itafika mezani kwao.