Dawa Zimekwisha, Kupasuliwa Kwa Nini?



Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo sisi vijana huona haya kulitaja, yaani saratani ya korodani. Huanza katika chembe za uzazi, nayo huwashika hasa wanaume wa miaka 15 hadi 35. Wasichana nao huweza kupata ya jamii hiyo katika vifuko vya mayai.

Zamani ilipokwisha kuenea mwilini, wengi walikufa. Mwaka 1974 Daktari Lawrence Einhorn wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, alianza kuitibu kwa sisplatini pamoja na dawa nyingine mbili, na tangu hapo wengi hupona. Walakini kupona huko kwaweza kutudanganya.

Tuseme kijana wa Kaisho amepelekwa Bugando, Mwanza. Korodani mbovu imeondolewa, ametiwa dawa mshipani yapata miezi mitatu, amerudi na nguvu zake. Kisha anaitwa kupasuliwa tumbo. Wazee watasema, "Anakula, anapalilia migomba, mnataka kumkata nini tena?" Nauli imekwisha na kahawa haijauzwa. Siwalaumu.

Lakini nyuma ya matumbo, karibu na uti wa mgongo, huweza kubaki mabonge. Katika aina zisizo seminoma, bonge likizidi sentimeta 1 madaktari hushauri litolewe. Karibu nusu ya mabonge hayo huwa makovu matupu. Moja katika 10 hivi huwa na saratani hai. Mengi yaliyosalia ni teratoma, nayo ndiyo yenye hila, maana dawa haiiwezi. Huweza kukua polepole hata ikabana figo, au ikageuka saratani nyingine mbaya zaidi. Na picha za hospitali haziwezi kutenga kwa hakika kovu na teratoma. Sharti bonge litolewe, litazamwe kwa darubini.

Upasuaji huo ni mkubwa, wataka daktari aliyeuzoea. Waweza pia kudhuru neva za uzazi, basi kijana na aulize mapema. Seminoma, kwa kawaida, huangaliwa tu kwa muda.

Wazazi wetu, siku mnapohesabu nauli ya kwenda kutiwa dawa, tengeni na ya safari hiyo ya pili. Nasi wavulana, tukigusa uvimbe mgumu, hata usiouma, tumwambie baba au mwalimu wa zamu wiki ile ile, tusingoje likizo.

Mwanafunzi, Kidato cha III